Kikosi cha rekodi 11: kutoka kamera ya televisheni hadi monita ya kompyuta

Kamera ya kitaalamu ya televisheni na monita ya kompyuta hazielewani. Kamera hutoa picha kwa SDI, mfumo wa studio na magari ya matangazo. Monita inasubiri HDMI, DVI au DisplayPort, na ukiipa kingine chochote inabaki nyeusi. Katikati yao hukaa kigeuzi, kijisanduku cha kutosha kiganjani: huku kina soketi ya duara, kule kina soketi bapa. Makanisa yanayorusha ibada mubashara, wapiga video za harusi na studio ndogo za mitandaoni wanakitegemea, kwa sababu monita ya SDI ni ghali na ya kompyuta inauzwa kila mtaa.

Ndani ya safari hiyo ya picha kuna mashindano makali: nani mkongwe, nani ana mbio, nani anafika mbali, nani anachelewa. Tumepanga rekodi 11, idadi ya kikosi kamili. Filimbi imepulizwa.

1. Mkongwe kuliko wote: plagi ya 1951

Tuanze na wazee. Upande wa kompyuta, VGA ilitoka na kompyuta za IBM PS/2 mwaka 1987. Upande wa televisheni, SDI ilipata kanuni zake rasmi kutoka SMPTE, chama cha wahandisi wa filamu na televisheni cha Marekani, mwaka 1989. DVI ikaja 1999, HDMI 2002, DisplayPort 2006. Vituo binafsi vya kwanza vya televisheni Tanzania Bara vilipowasha mitambo mwaka 1994, SDI ilikuwa na miaka mitano. Zanzibar, iliyotangulia Afrika yote kusini mwa Sahara kwa televisheni ya rangi, ilikuwa hewani tangu miaka ya 1970, kabla SDI haijazaliwa.

Lakini kombe la ukongwe linachukuliwa na kitu kidogo kuliko vyote: BNC, plagi inayobeba SDI. Hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1951, miaka 10 kabla ya uhuru wa Tanganyika. Jina lake limehifadhi herufi za wahandisi wawili, Paul Neill na Carl Concelman. Mpaka leo inachomekwa nyuma ya kamera mpya kabisa!

2. Pini chache kuliko zote: moja tu

VGA ina pini 15. HDMI ina 19, DisplayPort ina 20, na DVI iliyokamilika inafika 29. BNC ina pini moja katikati, basi. Pini hiyo moja hubeba picha, sauti na saa ya kuhesabia fremu, kupitia kebo yenye uti mmoja wa shaba, ya ukoo mmoja na ile inayoshuka kutoka kwenye dishi la setilaiti nyumbani.

Itazame kwa karibu. Fundi anaisukuma BNC kwenye soketi, anaizungusha robo mzunguko, vijino viwili vinanasa, tayari. Kebo ikivutwa, plagi haitoki. HDMI ya kawaida haina kufuli, inashikiliwa na msuguano peke yake. Mhudumu wa kanisa akijikwaa kwenye waya katikati ya mahubiri, BNC inabaki palepale, HDMI inachomoka na skrini ya ukumbi inazimika. Hapa studio inashinda bila kupingwa.

3. Mbio kubwa kuliko zote: gigabiti 96

Kipimo chetu ni flash ya gigabaiti 32, ile inayouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue. SDI ya kwanza inabeba megabiti 270 kwa sekunde, na ingeijaza flash hiyo kwa dakika 15 na sekunde 48. HD-SDI ya mwaka 1998, yenye gigabiti 1.485, ingeijaza kwa dakika 2 na sekunde 52. 3G-SDI ya 2006 ingetumia sekunde 86. 12G-SDI ya 2015, yenye gigabiti 11.88, ingemaliza kwa sekunde 21 na nusu. Kabla yake, picha ya 4K yenye fremu 50 kwa sekunde ilihitaji kebo nne za 3G sambamba. Sasa inapita kwenye moja.

Dakika 90 za mechi ya Simba na Yanga kwenye HD-SDI zina uzito wa terabaiti 1 na kidogo. Diski ya terabaiti 1 ingejaa sekunde 13 hivi kabla ya dakika ya 90 kutimia. Dakika za nyongeza hazina pa kukaa!

Hata hivyo, taji la kasi linakwenda kwa kompyuta. HDMI ilifika gigabiti 18 mwaka 2013, 48 mwaka 2017, na toleo la 2.2 la mwaka 2025 limegonga 96, mara nane ya 12G-SDI. SDI ina rufaa yake: zile 48 za HDMI zinapita kwenye njia nne, 12 kila njia. Njia kwa njia, kebo moja ya studio ilikuwa imeshafika hapo miaka miwili kabla.

4. Safari ndefu kuliko zote: kilomita 10

Basi refu la mwendokasi la Dar es Salaam, lile lenye kiungo katikati, lina mita 18. Kebo ya kawaida ya HDMI ya shaba, isiyo na kikuza mawimbi, ikibeba 4K kwa gigabiti 18, haifiki kutoka kwa dereva hadi kioo cha nyuma cha basi hilo. HD-SDI kwenye kebo nzuri inakwenda mita 100 hivi, karibu urefu wa uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli. SDI ya zamani ya megabiti 270 inafika mita 300, karibu nusu ya Daraja la Nyerere la Kigamboni lenye mita 680.

Geuza mawimbi hayohayo kuwa mwanga, yapitishe kwenye mkongo, na vifaa vya kawaida vinafika kilomita 10. Hizo ni Daraja la Nyerere mara 14 na zaidi. Ndiyo sababu fundi mzoefu hafungi kigeuzi kwenye kamera. Anakifunga kwenye monita: safari yote ndefu inakwenda kwa SDI, na HDMI inapewa nusu mita ya mwisho.

5. Umati mkubwa kuliko wote: pikseli milioni 33

Sensa ya 2022 ilihesabu Wazanzibari 1,889,773. Picha moja ya HD ina pikseli 2,073,600. Mpe kila Mzanzibari pikseli yake, kuanzia mtoto mchanga hadi mzee wa Makunduchi, na zinabaki 183,827. Picha ya VGA ya 1987, yenye pikseli 307,200, inajaza Uwanja wa Benjamin Mkapa wa watu 60,000 mara tano tu. Picha ya televisheni yetu ya zamani ya mistari 576 ina pikseli 414,720, karibu mara saba.

4K ina 8,294,400: kwa sensa hiyohiyo, Dar es Salaam yote na Zanzibar yote, na nafasi ya watu milioni moja inabaki wazi. 8K, ambayo shirika la NHK la Japani lilianza kuirusha kila siku tarehe 1 Desemba 2018, ina 33,177,600, zaidi ya nusu ya Watanzania wote waliohesabiwa na sensa hiyo. Ukiipa 8K fremu 120 kwa sekunde na rangi kamili za biti 12, mzigo unapita gigabiti 143 kila sekunde. HDMI ya 96 haiwezi kuubeba bila kuukandamiza kwanza.

Medali ya aliyewahi iende kwa IBM. Mwaka 2001 ilitoa monita ya T220, inchi 22 tu lakini pikseli 9,216,000, mara 22 ya picha ya televisheni yetu ya wakati ule. Monita ya mezani ilikuwa na pikseli nyingi kuliko 4K kabla studio hazijaanza kutumia 4K.

6. Kwaya kubwa kuliko zote: sauti 32

Fremu moja ya HD kwa mfumo wetu wa picha 50 kwa sekunde ina nafasi 2640 kwa kila mstari, na mistari 1125. Picha yenyewe inatumia 1920 kwa 1080 tu. Asilimia 30 ya safari haionekani kwenye kioo, na humo ndimo HD-SDI inamoficha mizigo yake: saa ya fremu, maandishi, na njia 16 za sauti. Mtangazaji, mchambuzi, kelele za mashabiki, lugha ya pili, vyote ndani ya waya uleule.

HDMI ilianza na njia 8, ikafika 32 mwaka 2013, na dhidi ya HD-SDI kombe ni lake. Mkiani yupo DVI: kwa kanuni zake za asili, njia za sauti ni sifuri. Kigeuzi kinachotoa DVI lazima kiwe na tundu la pembeni la sauti, la sivyo mwanamuziki Papa Wemba ataimba kimya kwenye video.

7. Mpira uliogawanyika kuliko yote: sentimita 56

Matangazo mengi ya HD yanatumia 1080i: mistari 540 ya namba witiri kwanza, kisha, baada ya milisekunde 20, mistari 540 ya namba shufwa. Mpira wa miguu una kipenyo cha sentimita 22. Mshambuliaji akiupiga kwa kilomita 100 kwa saa, ndani ya milisekunde 20 unasogea sentimita 56.

Monita ya kompyuta huchora mistari yote kwa mkupuo. Kigeuzi cha bei poa kikiifunga mistari hiyo pamoja bila kufikiri, mpira unatokea mara mbili kwenye fremu moja, nusu huku, nusu kule, kila nusu na michirizi kama meno ya kitana, na nafasi tupu katikati. Mipira miwili uwanjani na mwamuzi hajui! Kigeuzi bora kinakadiria mistari inayokosekana na kurudisha mpira mmoja wa duara.

8. Marudio mengi kuliko yote: fremu 54,000

Afrika Mashariki imerithi mfumo wa picha 50 kwa sekunde. Monita nyingi za kompyuta zinataka 60. Tofauti ni 10 tu, lakini zihesabu. Kigeuzi au monita ikiziba pengo kwa kurudia kila fremu ya tano, yanakuja marudio 10 kila sekunde, 600 kila dakika, 54,000 katika mechi ya dakika 90. Yakipewa viti, Uwanja wa Mkapa unabaki na nafasi 6,000 tu. Jicho linayaona: kamera ikipita taratibu kwenye jukwaa la mashabiki, picha inakwenda kwa kushtukashtuka.

Wamarekani wana tatizo la aina nyingine. Tangu walipoingiza rangi mwaka 1953, televisheni yao haipigi 60 kamili bali 59.94. Pengo hilo dogo linazaa sekunde 3.6 kila saa, na kwa siku nzima linafika sekunde 86. Sisi 50 yetu ni namba kamili, ila tu monita iwe tayari kuikubali.

9. Kuchelewa kubaya kuliko kote: sentimita 41 za Omanyala

Tarehe 18 Septemba 2021, pale Kasarani, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Picha ndani ya kebo nzuri, inayosafiri kwa takriban asilimia 80 ya kasi ya mwanga, inamaliza mita hizohizo kwa sehemu 0.42 ya milioni moja ya sekunde. Ni haraka kuliko Omanyala zaidi ya mara milioni 23!

Kisha inaingia kwenye kigeuzi, na mbio zinakwisha. Kigeuzi kinachohifadhi mstari mmoja mmoja huchelewesha picha kwa sehemu 36 za milioni moja ya sekunde. Omanyala hapo anasogea chini ya nusu milimita. Kigeuzi kinachosubiri fremu nzima kabla ya kuitoa, kwa 1080i yetu, ambayo picha zake 50 za nusu mistari huunda fremu 25 kwa sekunde, huchelewesha milisekunde 40, na bingwa ameshasogea sentimita 41. Kikisubiri mbili, sentimita 82. Ongeza na ucheleweshaji wa monita yenyewe. Mpiga kamera anayemfuata mkimbiaji kwa kutazama monita hiyo anamfuata mtu ambaye ameshaondoka.

10. Dhuluma kubwa kuliko zote ya rangi: Simba asilimia 91

Televisheni na kompyuta hazihesabu rangi kwa namna moja. SDI inatuma mwangaza peke yake na tofauti za rangi peke yake, kwa ngazi 1,024. Monita ya kawaida inataka nyekundu, kijani na buluu, kwa ngazi 256. Kompyuta huita sifuri nyeusi na 255 nyeupe, ilhali televisheni, kwa ngazi hizohizo 256, huanzia 16 na kuishia 235. Kigeuzi kisiponyoosha kipimo hicho, nyeusi zote zinakuwa za kijivu, kama kanzu nyeusi iliyoanikwa juani mwezi mzima.

Kuna hesabu ya pili. Picha za zamani hutumia kanuni inayoipa kijani uzito wa asilimia 58.7 ya mwangaza. Picha za HD huipa asilimia 71.5. Kigeuzi kikisoma HD kwa kanuni ya zamani, nyekundu kali inashuka hadi asilimia 91 ya nguvu yake, na kijani kinapandishwa mpaka kinagonga dari. Jezi nyekundu ya Simba imefifia, jezi ya kijani ya Yanga inang'aa kupita kiasi, na mechi haijaanza. Mashabiki wa Msimbazi wana haki ya kukata rufaa.

11. Mji mdogo wenye kishindo kikubwa kuliko yote: Grass Valley

Wapi vinatengenezwa vitu hivi? Usitafute jiji kubwa. Grass Valley, kwenye vilima vya California, ni mji wa watu takriban 14,000, ambao wangekaa kwenye robo ya Uwanja wa Mkapa na viti vingebaki. Mwaka 1959 Donald Hare alianzisha hapo kampuni iliyochukua jina la mji, na mitambo yake ya kuchanganya picha ikaenea studio za dunia nzima. Mwaka 1993 John Abt akaanzisha AJA palepale, kampuni iliyojijengea jina kwa vijisanduku vya kugeuza mawimbi. Mpinzani mkubwa yuko ng'ambo ya bahari: Blackmagic Design ya Melbourne, Australia, iliyoanzishwa mwaka 2001, ambayo ilishusha bei za vifaa hivi mpaka studio ndogo zikaweza kuvinunua. Jiji la mamilioni dhidi ya mji wa watu 14,000, na mji haujasalimu amri.

Matokeo ya mwisho

Studio imeondoka na ukongwe, pini na safari ndefu. Kompyuta imebeba kasi, sauti na pikseli za mapema. Rekodi nne za hatari, yaani mpira uliogawanyika, marudio, kuchelewa na rangi, zote zinaamuliwa na kigeuzi. Mchezaji bora wa mechi ni yeye.

Ukienda kukinunua, beba kamera yako dukani na uiweke kwenye 1080i kwa mfumo wa 50. Mwambie muuzaji apunge mkono mbele ya kamera: meno ya kitana yakionekana, kigeuzi kimefeli. Elekeza kamera kwenye kofia nyeusi: ikionekana ya kijivu, tafuta mpangilio wa kipimo cha rangi, na kama haupo, kimefeli. Piga makofi mbele ya kamera huku ukitazama monita: sauti ikitangulia mikono kwa namna unayoiona, hakifai kwa matangazo ya moja kwa moja. Kikifaulu majaribio yote matatu, lipa. Kikishindwa hata moja, kiache rafuni, hata kama bei yake ni ndogo kuliko zote.